TT imetoka, haijafika: ujumbe wa benki hukwama wapi?

Ijumaa mchana mnunuzi wa vipuri vya magari mjini Kigali anatuma TT ya dola kwa muuzaji wake wa Dubai. Tawi la benki linampa nakala ya SWIFT, naye anaipiga picha na kuituma kwa WhatsApp. Jumatatu muuzaji anasema hajaona kitu kwenye akaunti. Jumanne anasema vivyo hivyo, kontena halijapakiwa na meli ya wiki hiyo inakaribia kuondoka. Benki ya Kigali inasema fedha zimetoka. Benki ya Dubai inasema hazijaingia.

Hadithi hii haina mwenyewe mmoja. Ni ya muuza vitenge wa Goma, ya mwenye duka la simu wa Bujumbura na ya mama wa Busia anayeagiza mitumba. Wote hufika kwenye swali lile lile: nitume tena?

Swali hilo lina gharama pande zote. Akituma mara ya pili na ile ya kwanza ikajitokeza, mtaji wake umetoka mara mbili kwa mzigo mmoja, na kuurudisha huchukua majuma pamoja na makato ya kila benki njiani. Asipotuma, mzigo unauzwa kwa mwingine.

Jibu sahihi hutegemea jambo moja tu: ujumbe wa malipo umesimama wapi. Malipo ya dola kutoka ukanda huu kwa kawaida hupitia benki kubwa za kimataifa zenye akaunti za dola, nyingi zikiwa New York. Benki nyingi za aina hiyo bado huendesha hesabu zao kwenye kompyuta kubwa ziitwazo meinfremu, na ndani yake ujumbe hauruki moja kwa moja kutoka programu moja hadi nyingine. Hupanga foleni. Foleni hizo zimefungwa pamoja katika makundi yaitwayo klasta, na klasta ikiugua, benki ya Kigali na benki ya Dubai zote mbili zaweza kuwa zinasema kweli.

Foleni isiyo na watu

Meinfremu ni kizazi cha zamani kilichokataa kuzeeka. Kampuni ya IBM ilitangaza familia ya System/360 mwezi Aprili 1964, na mashine za leo zinazotumia mfumo endeshi wa z/OS ni wajukuu wa familia hiyo. Benki hazikuziacha kwa sababu zinabeba miamala mingi mno kwa wakati mmoja na hazizimiki ovyo.

Programu ya foleni iliyoenea zaidi kwenye mashine hizo ni IBM MQ, iliyoanza kuuzwa mwaka 1993 kwa jina la MQSeries. Hutengenezwa katika maabara ya IBM ya Hursley, karibu na mji wa Winchester, kusini mwa Uingereza. Kazi yake ni nyepesi kueleza. Programu inayopokea ujumbe wa malipo huuweka kwenye foleni na kuendelea na kazi nyingine. Programu inayokagua majina ya waliowekewa vikwazo huuchukua ikiwa tayari, ikimaliza huuweka kwenye foleni ya pili. Programu ya akaunti huuchukua hapo, na kadhalika mpaka ujumbe utoke nje kwenda benki inayofuata.

Ni sawa na dereva anayeshusha magunia kwenye bohari na kuondoka. Hahitaji kumsubiri mwenye duka aamke. Bohari ndiyo inayowajibika.

Na bohari hii huandika. Ujumbe wa malipo kwa desturi huwekewa alama ya kudumu, yaani mfumo huuandika kwenye diski kabla ya kukubali kwamba umeupokea. Mashine ikizimika ghafla na kuwashwa tena, ujumbe bado upo. Ndiyo maana fundi mzoefu akisikia kwamba malipo hayaonekani, hafikirii kwanza kwamba yamepotea. Anafikiri yamekaa mahali, na kazi yake ni kupajua.

Madalali wawili wazee

Kila bohari ya foleni ina programu inayoisimamia, na benki kubwa huwa na wasimamizi wa namna hiyo wengi, wengine kwenye meinfremu na wengine kwenye seva za kawaida. Zamani kila njia kati ya msimamizi mmoja na mwingine ilichorwa kwa mkono. Wakiongezeka kumi, njia zinakuwa nyingi hadi hakuna anayezikumbuka. Mwaka 1999 MQSeries ilileta klasta ili wasimamizi wajuane wenyewe.

Namna wanavyojuana inafanana na soko la nafaka la mpakani. Madalali wawili wazee wanajua kila muuzaji yuko wapi na anauza nini. Madalali wengine wanajua tu wale waliowahi kufanya nao biashara, na wakihitaji mwingine huwauliza wazee. Katika klasta, wasimamizi wawili kwa kawaida hushika daftari kamili la foleni zote. Waliobaki wana madaftari pungufu, yenye kurasa za foleni walizowahi kuzihitaji tu.

Daftari hilo lina kalenda yake. Kila msimamizi hutangaza habari zake upya kila baada ya siku 27. Habari hizo huhesabiwa kuwa hai kwa siku 30. Zisipohuishwa, daftari kamili huzivumilia kwa siku 60 zaidi, kisha huzifuta; jumla ni siku 90.

Uvumilivu huo ni baraka, kwa kuwa hitilafu ndogo ya mtandao haisimamishi malipo. Lakini pia ni mtego. Msimamizi anaweza kuwa ameacha kutangaza tangu mwezi uliopita, na kazi ikaendelea vizuri kwa kurasa za zamani. Kisha siku moja, bila mtu yeyote kugusa kitu, kurasa zinaisha muda na malipo yanasimama. Mafundi wasiojua kalenda hii huuliza nini kilibadilishwa jana, wakajibiwa hakuna, wakabaki wamekodoa macho. Swali linalofaa ni nini kilibadilishwa katika miezi mitatu iliyopita.

Fundi huanzia wapi

Simu ya usiku humfikia fundi ikiwa na maneno mawili tu: malipo yamekwama. Hatua ya kwanza ni kuangalia foleni ya kutokea, inayoitwa SYSTEM.CLUSTER.TRANSMIT.QUEUE. Hapo ndipo jumbe zinazoenda kwa wasimamizi wengine husubiri gari. Mabenki mengine huigawa, kila njia ikapata foleni yake, lakini kazi ni ile ile.

Zikikutwa jumbe zimerundikana hapo, habari ni nusu nzuri. Maana yake mahali pa kwenda panajulikana, ila barabara imefungwa. Fundi hutazama hali ya chaneli, yaani njia yenyewe. Ikiandikwa RETRYING, chaneli inabisha hodi na haifunguliwi. Sababu za kawaida ni chache: mashine ya upande wa pili imezimwa, anwani yake imebadilishwa bila daftari kuambiwa, ukuta wa usalama wa mtandao umeanza kuzuia, au cheti cha usalama kimepitwa na tarehe. Hilo la mwisho huaibisha wengi. Cheti kina siku ya kufa iliyoandikwa tangu kilipozaliwa, kama stika ya bima kwenye kioo cha lori, na bado hukamatwa kizuizini.

Foleni ya kutokea ikiwa tupu na programu inalalamika, fundi hutazama namba ya kosa. Namba 2085 ina maana kwamba jina la foleni iliyoombwa halijulikani: huenda limeandikwa vibaya, au aliye nayo hajaitangaza kwenye klasta. Namba 2189 ni tofauti. Mara nyingi husema kwamba msimamizi aliwauliza wazee wa daftari, akasubiri sekunde kumi, asipate jibu. Namba ya kwanza humtuma fundi kwa mwenye foleni. Ya pili humtuma kwa wenye daftari. Kuzichanganya ni kupoteza usiku mzima kwenye mlango usio wake.

Kwenye meinfremu kuna jambo moja linalowachanganya waliozoea seva ndogo. Msimamizi wa foleni na mwendesha chaneli ni kazi mbili zinazokaa vyumba tofauti ndani ya mashine. Mtunza daftari la klasta anaishi chumba cha mwendesha chaneli. Kwa hiyo msimamizi anaweza kuwa mzima kabisa, programu za ndani zikiweka na kuchukua jumbe kama kawaida, huku klasta imekuwa bubu kwa sababu mwendesha chaneli hajawashwa au mtunza daftari ameanguka. Katika kumbukumbu za mashine jambo hilo huacha alama: CSQX410I mtunza daftari anapoanza, CSQX411I anaposimama. Fundi akiikuta ya pili bila ya kwanza kuifuata, amepata pa kuanzia.

Kuna vipimo vingine viwili vya haraka. Foleni ya SYSTEM.CLUSTER.COMMAND.QUEUE, ambamo habari za klasta huingia zikisubiri kusomwa na mtunza daftari, wakati wote inapaswa kuwa tupu au karibu tupu. Ikianza kujaa, habari zinafika lakini hakuna anayezisoma. Na fundi akiomba orodha ya wasimamizi, akakuta jina linaloanza na SYSTEM.TEMPQMGR, ajue amekutana na jina la muda: msimamizi wake amejaribu kumfikia mwenye daftari kamili na bado hajajibiwa hata mara moja. Klasta hiyo haijawahi kuungana upande huo, haijalishi karatasi za ufungaji zinasema nini.

Mwisho kuna foleni ya wasiopokelewa, mahali pa jumbe zilizofika mlangoni zikakuta foleni imejaa au haipo. Kila ujumbe huko hubeba kibandiko kinachotaja sababu. Inashangaza jinsi foleni hii inavyosahaulika, na jinsi malipo ya watu yanavyoweza kulala humo huku kila mtu akitafuta kwingine.

Malipo moja kati ya mawili

Hitilafu inayowaumiza zaidi wafanyabiashara ni ile isiyosimamisha kila kitu. Kila kitu kikisimama, benki nzima inaamka. Yanapopita baadhi na kukwama baadhi, kila mteja anaambiwa kwamba tatizo ni la kwake peke yake.

Mafundi wa klasta wanaijua vizuri sura moja ya ugonjwa huo. Klasta huruhusu foleni yenye jina moja kuwa kwa wasimamizi wawili, ili kazi igawanywe kwa zamu: huu kwako, ule kwa mwenzako. Ni mpango mzuri, hasa mmoja akizimwa kwa matengenezo. Sasa mtu anajenga mfumo wa majaribio. Ili kuokoa muda, ananakili maelezo ya mfumo halisi bila kubadilisha jina la klasta. Mfumo wa majaribio unawashwa, unajitambulisha kwa wazee wa daftari, na kwa nia njema kabisa unatangaza kwamba nao una foleni ya malipo.

Wazee hawajui jaribio ni nini. Wanaandika. Kuanzia hapo jumbe zinagawanywa kwa zamu kati ya mfumo wa kweli na ule ambao hakuna programu inayochukua chochote. Hakuna chaneli iliyokatika. Hakuna namba ya kosa. Foleni ya kutokea ni tupu. Kila taa ni ya kijani, na takriban nusu ya malipo hayaonekani.

Ndugu wa ugonjwa huu hutokea siku ya mazoezi ya maafa, benki inapowasha nakala ya diski zake kwenye kituo cha akiba. Msimamizi aliyenakiliwa anaamka akiamini kwamba yeye ndiye halisi. Mtandao wa kituo hicho usipotengwa, anaitangazia klasta anwani yake, na jumbe za kweli zinaanza kumfuata kwenye mazoezi.

Dawa huanza kwa swali lile lile: zimesimama wapi? Fundi huomba orodha ya kila mwenye foleni ya jina hilo katika klasta. Akikuta wenye foleni wawili mahali alipotarajia mmoja, amempata mgeni. Hapo humwondolea mgeni tangazo lake la foleni. Mgeni akiwa ameshazimwa na hawezi kujiondoa mwenyewe, fundi humfuta kwa nguvu kutoka kwa mwenye daftari kamili, akitumia namba yake ya utambulisho wala si jina, kwa sababu majina huweza kufanana. Kisha ndipo inapokuja kazi nyeti: zile jumbe zilizolala kwenye mfumo wa majaribio ni fedha za watu. Hazifutwi. Zinahesabiwa, zinalinganishwa na zile ambazo wateja wameshatuma tena, na kurudishwa njiani moja baada ya nyingine.

Hapo ndipo haraka ya mfanyabiashara na haraka ya fundi hugongana. Kila TT iliyorudiwa wakati wa hitilafu ni ujumbe mmoja zaidi wa kulinganisha, na yule ambaye hakuliambia tawi kwamba hii ni marudio ndiye aliye karibu zaidi na kulipa mara mbili.

Umefika au haujafika?

Kuna hali nyingine ambayo kila anayesafirisha mizigo ataitambua. Lori limevuka na mzigo, simu ya dereva imezimika, na hati ya kupokelewa haijarudi. Mzigo umefika au haujafika? Mwenye mali hana haki ya kusema ndiyo wala hapana mpaka apate neno kutoka upande wa pili.

Chaneli za MQ hupeleka jumbe kwa mafungu. Mwishoni mwa kila fungu mtumaji huuliza kama limepokelewa lote, na mpokeaji hujibu. Mtandao ukikatika katikati ya swali na jibu, fungu linakuwa kwenye mashaka. Mtumaji halitumi tena wala halifuti. Analishikilia. Mtandao ukirudi, kwa kawaida pande mbili hukumbushana zilipoishia na kusawazisha zenyewe.

Isipowezekana, fundi lazima aamue kwa mkono: kulithibitisha fungu, yaani kufuta nakala ya mtumaji, au kulirudisha ili litumwe upya. Akithibitisha fungu ambalo halikufika, malipo yamepotea kweli. Akirudisha lililokwisha kufika, malipo yanaingia mara mbili. Kwa bahati nzuri hahitaji kubahatisha. Kila fungu lina namba, na pande zote mbili zimeiandika. Namba ya fungu linaloshikiliwa na mtumaji ikiwa sawa na ya fungu la mwisho lililopokelewa, limefika. Ikiwa tofauti, halijafika. Ni dakika chache za kulinganisha, na ni lazima mtu apige simu upande wa pili.

Dawa inayozidisha ugonjwa

Katika sanduku la dawa za klasta kuna moja yenye jina la kuvutia: REFRESH CLUSTER. Humwamuru msimamizi atupe anachojua kuhusu klasta na kujifunza upya kutoka kwa wazee. Inapotumika mahali pake, huponya daftari lililochafuka. Kwa sababu hiyo wengi huikimbilia mapema, kama mtu anayemeza dawa ya malaria kabla ya kupimwa.

Tatizo ni kwamba kujifunza upya huchukua muda na huzalisha jumbe nyingi za klasta yenyewe. Katika muda huo msimamizi hajui foleni alizozijua dakika tano zilizopita, na programu zilizokuwa zikifanya kazi vizuri huanza kupata kosa la 2085. Klasta kubwa ikiamriwa hivyo kila upande kwa wakati mmoja, tatizo la foleni moja huwa la benki nzima. Na kama ugonjwa ulikuwa cheti kilichokwisha muda, dawa hiyo haitibu chochote: msimamizi ametupa daftari alilokuwa nalo, na barabara ya kwenda kuchukua jingine bado imefungwa.

Dunia ya benki imelipia funzo hili. Mwezi Juni 2012 kundi la RBS la Uingereza, lenye benki za RBS, NatWest na Ulster Bank, lilisasisha programu inayopanga kazi za usiku kwenye meinfremu. Haikuwa klasta ya foleni, lakini ilikuwa foleni ya kazi, na kilichofuata ni kile kile. Wataalamu waliona dosari, wakaamua kuliondoa toleo jipya na kurudi kwenye la zamani bila kwanza kupima matokeo ya kurudi huko. Matoleo hayo mawili hayakupatana. Kazi za usiku zikasimama, zikarundikana, na wateja zaidi ya milioni 6.5 wakaguswa, wengine kwa majuma kadhaa. Novemba 2014 wadhibiti wawili wa Uingereza waliitoza benki hiyo faini ya jumla ya pauni milioni 56.

Dosari ya kwanza ilikuwa ndogo. Marekebisho yake ndiyo yaliyovunja nyumba.

Klasta si ghala la pamoja

Wafanyabiashara husikia mara nyingi kwamba mifumo ya benki ina akiba, kwa hiyo mashine moja ikifa nyingine huendelea. Ni kweli, lakini kwa mpaka. Klasta hugawa jumbe mpya. Haichukui jumbe zilizokwisha kufika kwa msimamizi aliyeanguka. Hizo humsubiri yeye mpaka aamke, wakati jumbe zilizotumwa baadaye zinapitia kwa mwenzake na kufika. Hivyo TT ya Jumatano inaweza kufika kabla ya ile ya Jumatatu, na hakuna aliyedanganya.

Meinfremu zina mpango mwingine unaoziba pengo hilo: wasimamizi kadhaa hutumia foleni za pamoja zilizowekwa kwenye kifaa maalumu kinachoshirikiwa na mashine zote, na mmoja akianguka mwenzake huchukua ujumbe pale ulipoachwa. Benki yenye klasta tupu ina barabara nyingi. Benki yenye foleni za pamoja ina ghala ambalo funguo zake zinashikwa na zaidi ya mtu mmoja. Ni ulinzi wa aina mbili, na moja haichukui nafasi ya nyingine.

Cha kushika mkononi

Mfanyabiashara hawezi kuingia kwenye meinfremu ya New York. Anaweza, hata hivyo, kumrahisishia fundi kazi ya kujua ujumbe ulipo, na kujilinda asilipe mara mbili.

Cha kwanza ni namba ya UETR. Tangu Novemba 2018 kila ujumbe wa SWIFT wa aina ya MT103, ule unaobeba malipo ya mteja, lazima uwe na namba hii ya herufi na tarakimu 36. Muundo mpya wa pacs.008 unaibeba pia. Haibadiliki kutoka benki ya kwanza hadi ya mwisho, na kwa hiyo benki zilizo njiani zinaweza kuitumia kusema malipo yamefikia kituo gani. Kwenye nakala ya MT103 mara nyingi huonekana baada ya namba 121. Tawi likitoa nakala isiyo nayo, mteja aiombe. Picha ya muhuri haifuatiliki. UETR inafuatilika.

Cha pili ni namna ya kuuliza. Ukiuliza kama fedha zimetoka, jibu litakuwa ndiyo, na litakuwa la kweli. Swali lenye faida ni: benki gani ya mwisho imethibitisha kuupokea ujumbe, siku gani, na imeandika hali gani? Jibu la swali hilo hutenganisha ujumbe uliokwama kwenye mfumo na ule uliozuiliwa kwa sababu za kawaida zaidi: jina lisilolingana na akaunti, maelezo ya bidhaa yaliyowashtua wakaguzi wa vikwazo, au sikukuu ya nchi ya tatu. Hayo nayo husimamisha TT, na hayatibiwi na fundi wa klasta.

Cha tatu ni kutorudia kimyakimya. Ikibidi kutuma tena, mteja kwanza aandike ombi la kusimamisha au kurudisha malipo ya kwanza, akitaja UETR yake, na asubiri benki ithibitishe kwa maandishi. Hata benki zenyewe zinafanya hivyo: katika SWIFT kuna alama ya PDE, ambayo mtumaji huiweka asipokuwa na uhakika kama ujumbe ulikwisha kutoka, ili mpokeaji akague kabla ya kulipa. Kama benki inaona inahitaji kumtahadharisha mwenzake, mwenye fedha ana sababu kubwa zaidi.

Cha nne ni kupunguza vituo inapowezekana. Kwa biashara ya ndani ya ukanda, mfumo wa EAPS huunganisha mifumo ya malipo ya benki kuu, ikiwemo ya Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, na hulipa kwa sarafu za nchi wanachama. Nao hutumia ujumbe wa SWIFT na nao unaweza kukwama. Lakini malipo ya mahindi kutoka Kigali hadi Kampala hayana haja ya kupita New York, na kila foleni isiyopitiwa ni foleni moja pungufu ya kukwama.

Mnunuzi wa vipuri wa Kigali, akirudi benki siku ya Jumatano, ana njia mbili. Anaweza kupiga meza na kutuma tena. Au anaweza kusukuma karatasi yenye UETR kupitia dirishani na kuuliza ujumbe wake uko kituo gani. Meneja wa tawi huenda asijue klasta ni nini. Lakini kwa namba ile atajua amuulize nani, na huyo atajua amuulize nani, mpaka swali lifike kwa fundi mmoja aliyekaa mbele ya skrini usiku, anayetazama foleni ambayo haikupaswa kuwa na kitu.